Kidonda cha Kahura

Mtoto akijikata kwa panga hapa Bukavu, mama yake humkimbiza kwenye kituo cha afya. Huko mganga haanzi na sindano. Hunawa mikono, huosha kidonda, ndipo hushona. Watu wengi hudhani desturi hiyo yote ililetwa na Wazungu. Sivyo.

Mwaka 1879 Robert Felkin, mmisionari Mprotestanti kutoka Uingereza aliyesomea udaktari, alikuwa Kahura, katika nchi ya Bunyoro. Alimwona huko mwanamke wa miaka 20 hivi, mwenye mimba yake ya kwanza. Aliyempasua alikuwa fundi wa huko huko. Jina lake Felkin hakuliandika, na hiyo ni hasara yetu. Mama alinyweshwa pombe ya ndizi, ndugu wa kasiksi yetu, hata akalewa nusu. Kwa pombe hiyo hiyo fundi alinawa mikono na kumwosha tumbo, kisha kwa maji. Akapasua, mtoto akatolewa, na palipotoka damu pakachomwa kwa chuma cha moto. Kabla ya kufunga, mgonjwa aligeuzwa ili maji yaliyobaki tumboni yachuruzike nje. Ndipo midomo ya jeraha ikakutanishwa kwa pini saba nyembamba za chuma, zikazungushiwa uzi wa nguo ya magome. Juu yake wakapaka rojo ya mizizi iliyotafunwa, wakafunika kwa jani la mgomba lililopashwa moto.

Nako Ulaya? Ilikuwa mwaka 1865 tu Joseph Lister, mjini Glasgow, alipotia asidi ya kaboliki katika mguu wa James Greenlees, mtoto wa miaka 11 aliyekanyagwa na gari la farasi, ili jeraha lisioze. Alipona, lakini kwa miaka mingi madaktari wengine waliendelea kumbishia Lister.

Tusidanganyane: pombe ya ndizi haiwezi kuua vijidudu vyote, na rojo iliyotafunwa leo hakuna mganga atakayeipaka. Lakini fundi yule alijua kunawa kabla ya kukata, na kumwaga uchafu kabla ya kufunga.

Pini zilianza kutolewa siku ya tatu, siku ya sita zikaisha. Siku ya 11 jeraha la mama lilikuwa limepona. Mtoto naye alikuwa na kidonda kidogo begani, upande wa kuume. Walimpaka rojo ile ile, na kwa siku nne kikafunga.