Watazamaji Katika Safari za Uwindaji

Mtu anayefuatana na wawindaji porini bila ya kuwinda huitwa mtazamaji. Katika uwindaji wa kitalii wa siku hizi, mgeni wa namna hiyo hulipia siku zake, hupewa hema na chakula, na hutembea nyuma ya mwindaji akiangalia jinsi nyayo zinavyofuatwa. Wengi hudhani kwamba huyu ni mtu mpya katika historia ya uwindaji. Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba watazamaji walikuwapo tangu zamani, na kwamba waliokuwa wengi kati yao ni wazee wetu, ambao hawakulipa ada wala hawakualikwa.

Kabla ya ukoloni, kutazama kulikuwa ni chuo. Wakamba walisifika kwa mishale yao ya sumu, na Wamakua kwa kuwinda ndovu. Kijana alifuatana na wakubwa ili ajifunze kusoma nyayo, kuujua upepo na kunyamaza. Alitazama leo ili awinde kesho.

Ukoloni uliukata mfululizo huo. Mwaka 1896 Gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya uwindaji katika Afrika Mashariki ya Kijerumani. Uwindaji ukawa wa leseni yenye malipo, na maeneo ya hifadhi yakatengwa, mojawapo likiwa upande wa Rufiji. Waingereza nao waliweka sheria za namna hiyo katika makoloni yao. Tangu hapo mwenye fedha akaitwa mwindaji, na mwenyeji aliyeua mnyama bila ya leseni akaitwa jangili.

Mfano ulio maarufu kuliko yote ni safari ya Theodore Roosevelt, aliyekuwa amemaliza urais wa Marekani mwaka uleule. Aliteremka Mombasa mwezi wa Aprili, 1909, pamoja na mwanawe Kermit na wataalamu watatu wa elimu ya viumbe, ili kukusanya wanyama kwa ajili ya makumbusho ya Smithsonian huko Washington. Baba na mwana waliua wanyama 512: baba 296, na mwana 216. Nyuma yao walikuwapo wapagazi zaidi ya mia mbili, waliobeba mahema, vyakula, chumvi ya kuhifadhia ngozi, na hatimaye ngozi zenyewe.

Wapagazi hao ndio watazamaji ninaowakusudia. Aliyekuwa na kazi ngumu zaidi alikuwa mbeba bunduki. Simba aliporuka kutoka vichakani, yeye alisimama ubavuni mwa bwana wake na bunduki ya pili mkononi, akingoja kuikabidhi. Kwa desturi hakutakiwa kufyatua. Hatari ilikuwa ya wote wawili, lakini sifa ilikuwa ya mmoja.

Walikuwapo pia wenye kamera. Mjerumani C. G. Schillings alipiga picha za wanyama usiku kwa mwanga wa baruti, na kitabu chake kilitoka mwaka 1905. Mwingereza Cherry Kearton alimpiga Roosevelt picha za sinema mwaka 1909. Watu wa namna hii walisifiwa kwa kuonyesha kwamba mnyama anaweza kutazamwa bila ya kuuawa, ingawa Schillings mwenyewe aliwinda pia. Hata hivyo mizigo ya kamera na vioo vya picha ilipanda juu ya vichwa vya wapagazi walewale.

Roosevelt aliandika kitabu, na humo aliwataja baadhi ya watumishi wake kwa majina. Wapagazi hawakuandika. Lakini asidhani msomaji kwamba hawakuona. Inasimuliwa kwamba walimpa Roosevelt jina la Bwana Tumbo. Jina hilo moja ni ushahidi kwamba aliyekuwa akitazama wanyama alikuwa naye akitazamwa, na hukumu ikitolewa kila jioni penye moto wa kambi.

Tanzania ilisimamisha uwindaji wa kitalii mwaka 1973 na kuurudisha mwaka 1978. Kenya iliupiga marufuku mwaka 1977. Wale waliobeba mizigo ya mwaka 1909 wamekwisha kufariki. Kilichobaki ni majina ya utani, nyimbo za njiani na habari walizowaachia wajukuu. Hizo nazo ni nyaraka za historia. Tusipozikusanya, safari zile zitaendelea kusimuliwa na aliyeshika bunduki peke yake.