Nyumba yenye Mzuka: Rai za Watazamaji na Kumbukumbu za Njia ya Misafara

Miongoni mwa hadithi zinazopendwa na watazamaji wa sinema duniani, hadithi ya nyumba yenye mzuka ina mahali pake. Jamaa fulani huhamia katika nyumba ya kale. Usiku husikia nyayo, milango hujifungua yenyewe, na hatimaye hudhihirika kwamba nyumba hiyo ina mwenyewe mwingine asiyeonekana. Filamu za namna hii aghalabu hutengenezwa kwa fedha chache, kwa kuwa hazihitaji zaidi ya nyumba moja, giza, na waigizaji wachache. Kwa sababu hiyo watu wengi waliosoma huzidharau. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba yale wayasemayo watazamaji baada ya kuzitazama hayastahili dharau, kwani ndani yake mna fikra za kale za watu wetu juu ya haki. Tutazipima fikra hizo Tabora, katika njia kuu ya misafara, ambako nyumba za kale zina habari nzito za kusimulia.

Sinema za kutisha zilivyotufikia

Sinema iliota mizizi mapema katika nchi zetu. Huko Unguja, Hassanali Adamji Jariwalla alifungua jumba la sinema la Royal mwaka 1921, na baadaye majumba ya namna hiyo yakaenea katika miji mingi ya pwani na ya bara. Filamu za Kihindi zilipendwa mno katika majumba hayo. India yenyewe ilikuwa na mfano mashuhuri wa hadithi tunayoizungumzia, nao ni Mahal, filamu iliyoongozwa na Kamal Amrohi mwaka 1949. Humo kijana mmoja anahamia katika kasri la kale na kuvutwa na mwanamke anayedhaniwa kuwa mzuka. Mwishoni yafahamika kwamba mwanamke yule ni binti wa mtunza bustani, mtu hai kabisa.

Baada ya uhuru, serikali iliunda Shirika la Filamu Tanzania mwaka 1968. Filamu zake zilikusudiwa kuelimisha na kujenga taifa, na mzuka hakupata nafasi kubwa humo. Mambo yalibadilika zilipoenea kamera na kanda za video. Televisheni ilipoanza Tanzania Bara mwaka 1994, tayari vibanda vya video vilikuwa vimezoeleka mijini. Katika vibanda hivyo walitokea wafasiri waliosimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, mashuhuri wao akiwa Lufufu wa Dar es Salaam. Wafasiri hao hawakutafsiri maneno tu. Walieleza, walikosoa na kutia mzaha, hata rai ya mtazamaji ikawa sehemu ya onyesho. Katika miaka ya 2000 mwongozaji Mussa Banzi alitoa filamu za Nsyuka na Shumileta, ambazo ni miongoni mwa filamu za mwanzo za kutisha za Kiswahili zilizopata wapenzi wengi.

Ufukara wa vifaa si aibu ya Afrika peke yake. Huko Marekani, Oren Peli alipiga filamu yake ya Paranormal Activity ndani ya nyumba yake mwenyewe kwa dola 15,000 hivi. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2007, na ilipoenezwa mwaka 2009 matangazo yake yalionyesha watazamaji wakiruka na kupiga mayowe gizani. Ikapata zaidi ya dola milioni 190. Hapo tunajifunza kwamba mtazamaji ndiye aliyeiuza filamu ile.

Rai tatu za watazamaji

Tukiyasikiliza mazungumzo yanayofuata filamu kama hizi, iwe kibandani au sebuleni, tunaweza kuyagawa katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni la wanaocheka. Hao huitazama kazi ya mikono: unga mweupe usoni mwa mzuka, uzi unaovuta mlango, damu inayofanana na rangi ya kupaka ukuta. Kicheko chao ni uhakiki wa ufundi, na mara nyingi ni cha haki.

Fungu la pili ni la wanaochukizwa kwa ajili ya dini au elimu. Husema kwamba filamu hizi zinaeneza ushirikina na kuwatia watoto hofu bure. Hoja hii ina uzito, nasi tutairudia.

Fungu la tatu, ambalo kwa kawaida huwa na wazee ndani yake, huuliza swali moja: aliyefia humu alikosewa nini? Mtazamaji wa fungu hili huvumilia unga na uzi. Asichovumilia ni mzuka asiye na sababu. Filamu ikiisha bila kueleza mzuka anadai nini, na kwa nani, yeye huiita hadithi isiyo na kichwa wala miguu.

Swali hili lina asili. Katika imani za jadi za Wanyamwezi, kama za makabila mengi ya nchi yetu, marehemu hakuwa adui wa nyumba. Mizimu ya wahenga ilijengewa vibanda vidogo karibu na makazi, ikapelekewa sadaka na kuombwa baraka. Nyumba ya mzimu ilikuwa mahali pa heshima. Tofauti kati ya mzimu na mzuka, basi, ni hii: mzimu ana jamaa wa kumtambikia, na mzuka hana. Yeye ni mfu aliyekatwa na ukoo wake. Ndiyo maana mtazamaji huuliza ni nani aliyemkata.

Nyumba za njia ya misafara

Hakuna mahali ambapo swali hilo lina majibu mengi kuliko katika njia ya kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, kupitia Mpwapwa, Kilimatinde na Unyanyembe. Kufikia katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara Waarabu walikuwa na makazi Kazeh, palipo Tabora ya leo. Richard Burton na John Speke waliwakuta huko mwaka 1857. Walijenga tembe, yaani nyumba pana za udongo zenye kuta nene, paa la kutandazwa, na ua wa ndani. Ndani ya kuta hizo ziliwekwa pembe za ndovu na bidhaa za pwani, na humo pia waliishi watumwa.

Hapana budi tuwe waangalifu. Wapagazi wengi wa njia hii hawakuwa watumwa. Walikuwa Wanyamwezi huru waliofanya kazi kwa ujira na kujivunia kubeba mzigo wa frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, hadi pwani. Lakini katika njia ile ile walipita watu waliotekwa na kuuzwa. Ndui, njaa na uchovu viliwaua walio huru na wasio huru, na wengi waliachwa mbali na makwao, bila mtu wa ukoo wao wa kuwazika.

Tembe ya Kwihara, nje kidogo ya mji, yatufundisha jinsi kumbukumbu inavyochagua. Nyumba inayoonekana leo ni ya kujengwa upya, nayo ni makumbusho. Inajulikana kwa jina la Livingstone, ambaye alikaa Kwihara tangu Februari hadi Agosti 1872 akingoja watu na bidhaa kutoka pwani. Miezi sita ya mgeni mmoja imeandikwa siku kwa siku. Majina ya watu walioikanda udongo, waliopika jikoni mwake, na waliofungwa katika nyumba nyingine za jirani hayakuandikwa. Utumwa ulifutwa kwa sheria Tanganyika mwaka 1922, lakini majina hayo hayakurudi. Tungetaka kutunga hadithi ya nyumba yenye mzuka hapa Tabora, tusingehitaji kubuni dhuluma yoyote.

Kosa ni la nani?

Hapa ndipo tunapoirudia hoja ya fungu la pili. Filamu nyingi za kutisha zenye fedha chache hazimtafuti mwenye kosa katika historia. Humtafuta jirani: bibi kizee anayeishi peke yake, mwenye macho mekundu, ambaye mwishoni hufichuliwa kuwa ndiye aliyeituma balaa ndani ya nyumba. Watazamaji hushangilia anapoangamia.

Katika mikoa ya magharibi na ya Ziwa jambo hili si mchezo. Serikali ya kikoloni ilitunga Sheria ya Uchawi mwaka 1928, lakini sheria haikuiondoa shuku. Tangu miaka ya 1970 vikongwe wengi, hasa wanawake wa Usukuma na sehemu za jirani, wameuawa kwa kutuhumiwa uchawi. Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyachunguza mauaji hayo kwa kina. Macho mekundu yaliyowaponza wengi wao yalitokana na moshi wa kuni na wa samadi waliyopikia maisha yao yote. Msanii anayempaka mwigizaji macho mekundu ili atishe anatumia alama ambayo nje ya filamu imekwisha kuua watu.

Hatusemi kwamba filamu ndizo zilizoanzisha mauaji hayo. Yalikuwapo kabla yake. Wala hatusemi zipigwe marufuku. Twasema kwamba kati ya rai tatu tulizozitaja, ile ya wazee ndiyo yenye kinga. Mtazamaji aliyezoea kuuliza “aliyefia humu alikosewa nini, na nani alimkosea?” hatatosheka kuonyeshwa bibi kizee na kuambiwa ashangilie. Atataka ushahidi. Atataka kujua nyumba ilijengwa na nani, kwa mali gani, na kwa jasho la nani.

Walimu wa historia na wa fasihi wanaweza kuitumia tabia hiyo darasani. Wanafunzi waachwe wacheke unga na uzi, kisha waulizwe kosa limewekwa wapi katika filamu waliyoitazama, na kama limewekwa kwa haki. Walio karibu na Tabora wapelekwe Kwihara, waitazame tembe kwa macho ya mtazamaji wa fungu la tatu. Jina la mgeni watalikuta ukutani. Kazi yao iwe kuuliza ni nani wengine waliokaa mle, na kuandika majibu watakayoyapata kwa wazee wa vijiji vya karibu kabla wazee hao nao hawajaondoka.