Mpaka Nipige Picha

Moshi, mtu akikuambia anakwenda kupiga picha, sikiliza sauti yake. Akisema kwa furaha, labda ni ya pasipoti. Akisema kwa sauti ya chini, ujue ni picha ya ndani: eksirei, altrasaundi, CT au MRI. Na mara nyingi msemaji ameshapimwa, akaambiwa hana kitu, lakini halali usiku. "Mpaka nipige picha ndo nitatulia." Hofu hiyo tunaichukulia kama ugonjwa wa zama za simu. Lakini ina historia ndefu, na sehemu yake nzuri imepita kwenye miteremko ya Kilimanjaro.

Hamu ya kuona ndani haikuja na umeme. Zamani, ugonjwa ukiikalia nyumba ya Mchagga, mbuzi alichinjwa na wazee wakausoma utumbo wake. Walichotafuta hakikuwa ndani ya mwili wa mgonjwa peke yake. Walitafuta nani amekosewa, mzimu gani umesahauliwa, deni gani halijalipwa. Tunaweza kubishana na majibu yao mpaka kesho. Ila tukumbuke kwamba palikuwa na msomaji, palikuwa na ndugu waliokaa kusikiliza, na jibu lilikuja pamoja na kazi ya kufanya.

Novemba 1895, huko Würzburg, Ujerumani, Wilhelm Röntgen aligundua mionzi ipenyayo nyama. Moja ya picha zake za mwanzo ilikuwa ya mkono wa mkewe, Anna Bertha: mifupa mitupu na pete kidoleni. Inasimuliwa kuwa mama huyo alipouona alishtuka, akasema ameona kifo chake. Kwa hiyo tangu siku za kwanza picha ya ndani ilikuwa na mambo mawili: msaada kwa daktari na mshtuko kwa mwenye mwili.

Mlimani, mshtuko huo ulikuwa na jina: kifua kikuu. Hospitali ya Kibong'oto, upande wa Siha, ilianza mwaka 1926 kama mahali pa kuwatunza wagonjwa wa TB. Dawa hazikuwapo. Streptomycin iligunduliwa mwaka 1943 tu. Kabla ya hapo tiba ilikuwa mapumziko, chakula na hewa baridi ya mlima. Katika hali kama hiyo, doa kwenye pafu halikuwa habari ya kitabibu tu. Lilikuwa safari ya kuondoka nyumbani bila kujua utarudi lini. Si ajabu hadi leo kikohozi cha wiki tatu kinaweza kumnyima mtu usingizi.

Halafu ukaja mwaka 1971. Machi mwaka huo, Hospitali ya KCMC ilifunguliwa Moshi. Miezi michache baadaye, tarehe 1 Oktoba, mgonjwa wa kwanza duniani alipigwa CT ya kichwa London, kwa mashine ya Godfrey Hounsfield. Hesabu za jambo hilo zilikuwa zimeshaanza kufanywa Afrika. Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, alianza kulifikiria mwaka 1956 akifanya kazi katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Mwaka 1979 wawili hao waligawana Tuzo ya Nobel.

Sasa hapa ndipo historia yetu inapopinda. Wakati dunia inashangilia mashine, Tanzania ilikuwa inajifunza kutoitegemea picha. Mwaka 1977, Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma ulianza, ukisaidiwa na daktari Karel Styblo. Nguzo yake haikuwa eksirei. Ilikuwa makohozi, kioo na hadubini. Sababu yake ni rahisi. Doa kwenye picha linaweza kuwa TB, nimonia, saratani au kovu la ugonjwa uliokwisha pona. Hadubini ikiwaona vijidudu, inakuonyesha mgonjwa anayeambukiza wengine, wa kuanzishiwa dawa. Njia hiyo ya bei nafuu ilikuja kuwa msingi wa mkakati wa Shirika la Afya Duniani katika miaka ya 1990. Nchi maskini ikaifundisha dunia kwamba kipimo bora ni kile kinachojibu swali lililoulizwa.

Siku hizi picha ya kifua imerudi kwa heshima. Tangu 2021 shirika hilo linakubali kompyuta isome eksirei ili kuchuja watu wenye dalili za kutiliwa shaka. Lakini kuthibitisha bado tunarudi kwenye makohozi.

Je, picha inatuliza? Kwa muda, ndiyo. Mwaka 2005 watafiti wa London walichapisha matokeo ya wagonjwa 150 wenye maumivu ya kichwa ya kila siku. Nusu yao walipewa nafasi ya kupigwa picha ya ubongo. Baada ya miezi mitatu walikuwa na hofu kidogo kuliko wenzao. Baada ya mwaka, tofauti ilikuwa imeyeyuka. Na picha inaweza kuzaa hofu mpya. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kuwa asilimia 37 ya watu wa miaka 20 wasio na maumivu yoyote ya mgongo tayari wana diski za uti wa mgongo zilizochakaa kwenye picha. Wakifika miaka 80 ni asilimia 96. Mpe mwenye hofu ripoti kama hiyo bila maelezo, uone kama atainama kupalilia migomba tena.

Simwambii mtu asiende. Ukanda huu una saratani ya koo la chakula, na wengi hufika hospitali wakati hata uji haupiti. Ukianza kukwama na chakula, nenda kesho, usingoje mavuno ya kahawa. Kinachoniuma ni ng'ombe aliyeuzwa ili ipigwe picha ya tatu ya kitu kilekile, halafu siku dawa inapohitajika kweli, zizi ni tupu.

Sisi wapenda vitabu tunajua kuwa maandishi hayajisomi. Picha ya ndani nayo ni maandishi. Inahitaji msomaji, na msomaji anahitaji kujua swali. Kabla ya kulipia, muulize daktari: unatafuta nini, na ukikikuta au usipokikuta tutafanya nini? Akikosa jibu, picha hiyo inaweza kungoja. Akiwa nalo, kaa naye mpaka amalize kukusomea.