Tarehe Saba Mwezi wa Saba Ina Wenyewe Wangapi?

Julai 7 ni tarehe yenye msongamano. Wajapani wana Tanabata, sikukuu yao ya nyota. Visiwa vya Solomon vinakumbuka uhuru wao wa 1978. Na tangu 2022 dunia nzima imealikwa kuadhimisha Siku ya Kiswahili. Lakini huku kwetu tarehe hiyo haihitaji hata kutajiwa mwezi. Sabasaba, basi. Shida ni kwamba ukilitamka neno hilo Dar es Salaam na ukalitamka Nairobi, hujasema kitu kimoja.

Nililijua hilo vizuri kutoka kwa Mkenya tunayesoma naye shahada ya uzamili. Mimi nikisikia Sabasaba nawaza vumbi, aiskrimu, foleni ya Barabara ya Kilwa na mjomba anayepatana bei ya kochi. Yeye anawaza mabomu ya machozi.

Tuanze na ya kwetu, kwa kuwa ndiyo iliyotangulia. Julai 7, 1954, Tanganyika African Association, chama kilichokuwapo tangu 1929, kiligeuzwa kuwa TANU katika nyumba moja ya New Street, mtaa ambao leo unaitwa Lumumba. Rais wake akawa Julius Nyerere, mwalimu wa shule kule Pugu. Vitabu tulivyosoma sekondari viliishia karibu hapo, kana kwamba mwalimu huyo aliingia mjini na kukuta kiti kitupu. Mwaka 1998 Mohamed Said alichapisha kitabu kizima juu ya Abdulwahid Sykes, akionesha kwamba watoto wa mjini kama yeye na Dossa Aziz walikuwa wameshaijenga siasa ile kabla. Unaweza kubishana naye katika mengi, na watu wanabishana, ila huwezi tena kuisimulia siku ile kwa jina moja tu.

Kuna kichekesho kidogo hapo. Siku inayotajwa leo kama siku ya Kiswahili ilizaa chama chenye jina la Kiingereza. Tanganyika African National Union. Kiswahili kilikuwa kwenye mikutano, huko ambako msemaji aliweza kutoka jimbo hadi jimbo, katika nchi ya makabila zaidi ya 120, na mara nyingi asihitaji mkalimani. Jina rasmi lilikuwa la kuandikiwa wakubwa, na maneno ya mkutanoni yalikuwa ya watu.

Baada ya uhuru siku ya kuzaliwa ya chama ikawa sikukuu ya taifa. Halafu, Februari 5, 1977, TANU na Afro-Shirazi Party vikaungana kuwa Chama cha Mapinduzi. Mwenye siku hayupo tena, lakini siku ikabaki. Kwa miaka mingi ilikuwa pia ya wakulima, mpaka wakulima wakahamishiwa Agosti 8, Nanenane. Kilichosalia Julai ni biashara: Maonesho ya Biashara ya Kimataifa ya Dar es Salaam, ambayo mwaka 2025 yalikuwa ya 49. Leo mtu anasema "naenda Sabasaba" na kondakta wa daladala anaita "Sabasaba!" Tarehe imegeuka kuwa kituo cha basi. Sioni kama hiyo ni ajali. Katika nchi ya vyama vingi, siku ya kuzaliwa ya chama kimoja ni mzigo mgumu kuubeba, na njia rahisi ya kuubeba ni kuujaza majokofu na magodoro.

Kenya haikupewa nafasi hiyo. Mwaka 1990 KANU kilikuwa chama pekee kwa sheria, kwa kifungu cha 2A kilichotiwa katika katiba mwaka 1982. Katika uchujaji wa wagombea wa 1988 wapiga kura walipangwa mlolongo, mchana kweupe, wakahesabiwa vichwa. Mei 1990 Kenneth Matiba na Charles Rubia, mawaziri wa zamani wote wawili, waliwaita waandishi wa habari wakadai vyama vingi, kisha wakaitisha mkutano uwanja wa Kamukunji, Nairobi, Julai 7. Serikali ikaupiga marufuku. Siku tatu kabla, wote wawili wakakamatwa na kuwekwa kizuizini bila kesi.

Watu wakaenda hivyo hivyo. Matatu zilipiga honi, vidole viwili vikainuliwa kuwa ishara ya vyama vingi, polisi wakajibu kwa gesi na risasi. Ghasia zikaenea miji mingine kwa siku kadhaa. Hesabu ya serikali yenyewe ilikuwa watu wapatao 20 waliokufa. Kifungu cha 2A kiliondolewa Desemba 1991. Matiba alipata kiharusi akiwa kizuizini na hakurudi kuwa mzima. Mahakama Kuu iliamuru alipwe fidia mwaka 2017; akafa Aprili 2018.

Siku hiyo haijawahi kuwa sikukuu ya serikali Kenya. Kwetu tarehe 7 imeandikwa kwa wino mwekundu, kwao ni nyeusi kama Jumanne yoyote. Nadhani ndiyo maana imebaki na ukali wake. Hakuna waziri aliyepata kuikatia utepe.

Sasa juu ya Sabasaba hizi mbili imewekwa ya tatu. Novemba 2021, Paris, mkutano mkuu wa UNESCO uliitenga Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Sababu inayotajwa ni ile ya 1954, TANU na umoja. Wengine huongeza kwamba mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulianza kutumika Julai 7, 2000. Umoja wa Mataifa una siku za lugha nyingine pia, na Kiingereza kimepewa Aprili 23 kwa heshima ya Shakespeare, Kirusi Juni 6, alipozaliwa Pushkin. Sisi hatukumchukua Shaaban Robert. (Alizaliwa Januari 1, 1909, siku ambayo nayo ina wenyewe.) Tulichukua siku ya siasa, na mimi naona tulichagua vizuri: lugha hii ilikomaa zaidi katika mikutano ya hadhara kuliko katika diwani. Ninachogomba nacho ni kwamba ikichaguliwa siku ya siasa, isisomwe nusu. Waliokwenda Kamukunji nao waliiita siku yao kwa Kiswahili.

Julai 7, 2025, miaka 35 tangu Kamukunji, polisi walifunga barabara za kuingia katikati ya Nairobi. Tume ya haki za binadamu ya Kenya ilihesabu zaidi ya watu 30 waliokufa. Siku hiyo hiyo maonesho yalikuwa yakiendelea Barabara ya Kilwa, na Siku ya Kiswahili ilikuwa ikiadhimishwa kwa mara ya nne. Neno lililosikika sana mitaani Kenya mwaka huo lilikuwa "wantam": Kiingereza kilichotafunwa na vijana mpaka kikawa chao, maana yake rais atawale muhula mmoja, atoke. Sijalikuta katika kamusi yoyote bado. Mwenzangu wa Kenya analitumia sasa hata kwa chakula cha kantini.