Hesabu ya Elektroni Mbili

Molekuli ya hidrojeni ina viini viwili na elektroni mbili tu. Historia ya kemia ya kompyuta, yaani kemia inayotafuta tabia za vitu kwa hesabu badala ya chupa na moto, kwa sehemu kubwa ni historia ya watu waliohangaika na molekuli hiyo moja. Swali lao lilikuwa jepesi kulitamka: kwa nini atomi mbili za hidrojeni hushikana, na inatakiwa nishati kiasi gani kuzitenganisha? Jibu linalokubalika leo ni karibu elektroni-volti 4.75, ukipima kutoka chini kabisa ya bonde la nishati ambamo atomi hizo hutulia.

Fizikia ya karne ya 19 haikuweza kulifikia jibu hilo. Kwa kanuni zake, elektroni inayozunguka kiini ingepaswa kumwaga nishati yake yote na kuangukia kiini mara moja. Mnamo Desemba 1900, mjini Berlin, Max Planck alieleza kwamba nishati ya mnururisho hutoka kwa mafungu, si kwa mtiririko. Niels Bohr akaichukua fikra hiyo mwaka 1913 na kuipa elektroni ngazi maalumu za nishati. Atomi ya hidrojeni ikaelezeka vizuri. Heliamu, yenye elektroni mbili, ikamshinda.

Njia ilifunguliwa na wazo la Louis de Broglie la mwaka 1924 kwamba elektroni nayo ina tabia ya wimbi. Miaka miwili baadaye, Erwin Schrödinger, akiwa Zürich, alitoa mlinganyo wa wimbi hilo. Uzi wa udi uliokazwa ncha zote mbili hautoi kila sauti, bali sauti zinazolingana na urefu wake. Kadhalika elektroni iliyoshikwa na kiini haiwi na kila nishati. Max Born akaongeza, mwaka huohuo wa 1926, kwamba wimbi likizidishwa kwa lenyewe huonyesha uwezekano wa kuikuta elektroni mahali fulani.

Kwa elektroni moja, mlinganyo wa Schrödinger hutatulika kwa kalamu. Zikiwa mbili, kila moja huisukuma mwenzake, na fomula kamili haipatikani. Kemia ya kompyuta ilizaliwa hapo, katika kutafuta jibu la makadirio ambalo mtu anaweza kuliamini.

Makadirio ya kwanza ya molekuli ya hidrojeni yalitoka kwa vijana wawili wa Kijerumani waliokuwa Zürich mwaka 1927, Walter Heitler na Fritz London. Heitler alikuja kusimulia kwamba alilala mchana, akaamka na picha ya molekuli hiyo akilini, akampigia simu mwenzake. Siri waliyoiona ni kwamba elektroni hazina alama: haiwezekani kusema hii ni ya atomi ya kushoto na ile ni ya kulia. Kubadilishana huko nafasi ndiko kunakoshusha nishati na kufunga bondi. Sehemu moja ngumu ya hesabu yao ilikamilishwa na Mjapani Yoshikatsu Sugiura, na jibu likawa takriban 3.14. Lilikuwa theluthi mbili tu ya ukweli, lakini kwa mara ya kwanza bondi ya kemia ilikuwa imetoka ndani ya kanuni za fizikia.

Mwaka 1933 Hubert James na Albert Coolidge, wa Harvard, waliingiza katika fomula umbali kati ya elektroni zenyewe, wakatumia vipande 13 na kufika 4.72. Waliongozwa na kanuni moja ambayo mwanafunzi wa somo hili hapaswi kuisahau: fomula yoyote ya kukisia hutoa nishati iliyo juu ya ile ya kweli, kamwe si chini yake. Nishati ya molekuli ikikadiriwa juu mno, bondi huonekana dhaifu kuliko ilivyo; kwa hiyo makadirio mazuri hukaribia nguvu halisi ya bondi, lakini hayaipiti.

Kwa atomi zenye elektroni nyingi, Douglas Hartree wa Uingereza alikuwa amependekeza mwaka 1928 kwamba kila elektroni ihesabiwe kana kwamba inatembea katika wastani wa wingu la nyingine zote, kisha hesabu irudiwe hadi jibu liache kubadilika. Baba yake, William Hartree, aliyekuwa amestaafu, alifanya sehemu kubwa ya kazi hiyo kwa mashine ya mkono. Vladimir Fock alirekebisha mbinu hiyo mwaka 1930, na hadi leo inaitwa kwa majina yao.

Kompyuta zilipokuja, ushindi mkubwa ulirudi kwa hidrojeni. Wapolandi Włodzimierz Kołos na Lutosław Wolniewicz walichapisha katika miaka ya 1960 hesabu sahihi kuliko zote zilizotangulia. Ikatokea ajabu: bondi waliyoihesabu ilikuwa imara kuliko ile aliyoipima Gerhard Herzberg huko Ottawa, kwa takriban sehemu moja katika 10,000. Tofauti ni ndogo, lakini iko upande usioruhusiwa. Hesabu haiwezi kuupita ukweli. Basi kosa lilikuwa katika kipimo. Herzberg alipima upya, na mwaka 1970 akatangaza thamani iliyokubaliana na hesabu.

Molekuli kubwa zilihitaji ujanja wa aina nyingine. Mwaka 1950 Frank Boys wa Cambridge alionyesha kwamba mawimbi ya elektroni yakijengwa kwa vipande vyenye umbo la kengele, hesabu hurahisika mno, kwa sababu vipande viwili vya aina hiyo vikizidishwa huzaa kingine cha aina hiyohiyo. John Pople aliutia ujanja huo katika programu ya Gaussian 70, ambayo wanakemia wa kawaida waliweza kuitumia. Walter Kohn, pamoja na wenzake, alionyesha mwaka 1964 na 1965 kwamba msongamano wa elektroni peke yake watosha kuipata nishati. Pople na Kohn waligawana Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 1998.

Programu za bure za kazi hii sasa hufanya kazi kwenye kompyuta ya mapajani. Anayeanza somo na aanze na hidrojeni: ajaribu mbinu ya Hartree na Fock, alinganishe jibu lake na 4.75, kisha atafute elektroni zake mbili zimepoteza wapi kiasi kinachopungua.