Fisi wa Ukaguru Alivyofika Oxford

Mwanafunzi wa shahada ya pili akisema anaandika tasnifu juu ya fasihi ya watoto, wenzake huwa na swali moja: "Sasa hiyo itakupeleka wapi?" Wengi huuliza kwa utani, lakini swali lenyewe ni zito. Kwa kawaida hujibiwa kwa kutaja ajira: ualimu, uhariri, ukutubi. Sisi katika makala haya tunakusudia kulijibu kwa njia ya historia. Tutaichukua wilaya moja, Kilosa, mkoani Morogoro, tuone hadithi walizosimuliwa watoto wa huko zilitafitiwa na nani, zikampeleka wapi huyo mtafiti, na zenyewe zikaishia wapi.

Kilosa tunayoizungumzia ni ile ya zamani, kabla Gairo haijakatwa kuwa wilaya mwaka 2012. Kaskazini ni milima ya Ukaguru. Katikati ni mji wa Kilosa, reli ya kati na mashamba ya mkonge. Kusini ni Uvidunda na mji wa Mikumi, ulioko kwenye barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia.

Wapo watakaotupinga tangu mwanzo kwamba ngano za Wakaguru si fasihi ya watoto, kwa kuwa wakubwa nao walizisikiliza. Ni kweli walizisikiliza. Lakini ukifuata kigezo hicho utakuta watoto wa Kiafrika hawakuwa na fasihi yoyote mpaka alipokuja mchapishaji, jambo ambalo hata anayelisema halisadiki. Tuendelee.

Mtu wa kwanza kuiweka lugha ya Wakaguru katika kitabu alikuwa mmisionari. J. T. Last wa CMS aliishi Mamboya mwanzoni mwa miaka ya 1880, na mwaka 1886 sarufi yake ya Chikaguru ilichapishwa London. Lengo lake lilikuwa Injili, na kwa hilo hatuna haja ya kumsimanga. Lakini angalia mkondo ulivyoanza: maneno yanatoka Mamboya, kitabu kinatoka London.

Miaka sabini na kitu baadaye, mwaka 1957, alifika Ukaguru kijana wa Kimarekani aliyeitwa T. O. Beidelman. Alikuwa mwanafunzi wa anthropolojia, na utafiti wake ulimpatia shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Oxford, alikokuwa Evans-Pritchard, mtu mkubwa sana katika taaluma hiyo wakati ule. Beidelman alirudi tena Ukaguru katika miaka ya 1960. Miongoni mwa aliyoyakusanya ni ngano, na ngano hizo alizichapisha moja baada ya nyingine katika majarida ya kitaaluma ya ng'ambo. Makala yake inayojulikana zaidi ilitoka mwaka 1961 katika jarida la *Africa*, nayo ilihusu Fisi na Sungura.

Hapa tusimame kidogo, maana ndipo penye uhondo. Sisi tuliosoma shule za msingi za Kiswahili tumezoea kusema Sungura ni mjanja na Fisi ni mlafi, basi. Uhakiki wetu wa ngano mara nyingi unaishia hapo: dhamira ni ujanja, funzo ni usiwe mlafi, mwanafunzi anapewa alama zake. Beidelman alionyesha kwamba kwa Wakaguru wanyama hawa wana undugu. Fisi ni mjomba na Sungura ni mpwa. Wakaguru hufuata ukoo wa mama, kwa hiyo mjomba kwao ni zaidi ya yule ndugu wa mama anayekuja na zawadi wakati wa sikukuu. Ni mwenye mamlaka. Mpwa anamtegemea, na papo hapo anamwogopa. Fisi naye, mnyama wa usiku anayekula mizoga, katika mawazo ya Wakaguru anakaribiana mno na mchawi. Kwa hiyo Sungura anapomshinda Fisi, msikilizaji wa Ukaguru anasikia jambo ambalo mchana haliwezi kusemwa mbele ya watu: kwamba mkubwa anayekutawala anaweza kuwa mla watu, na kwamba mdogo anaruhusiwa kutumia akili.

Huo ni uhakiki wa hali ya juu, na anayedhani kwamba hadithi za watoto ni somo la wavivu aanzie hapo. Lakini tuna neno la kusema. Katika makala ile ya 1961 hadithi inasomwa kama dirisha la kuchungulia mfumo wa ukoo: mivutano ya watu wazima, nani anamdai nani, nani anarithi nini. Mtoto aliyekaa pale karibu na moto anasikiliza hana nafasi kubwa. Ilimchukua Beidelman robo karne, mpaka kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya fikra za kimaadili za Wakaguru, kulipa uzito suala la kubuni, yaani jinsi hadithi inavyomwezesha msikilizaji kuiona jamii yake kwa jicho lingine. Mwaka 1997 alitoa kitabu kingine, juu ya jando na unyago na mafunzo wanayopewa vijana humo. Wakati huo alikuwa profesa New York kwa miaka mingi.

Basi swali la kantini limeshapata jibu lake la kwanza. Hadithi za Ukaguru zilimpeleka mtu Oxford na New York. Na zenyewe? Zilibaki katika majarida ambayo mwalimu wa Berega au Mamboya hakuwa na njia ya kuyaona, katika lugha ambayo watoto wa pale hawaisomi. Hatusemi kwamba mtafiti aliiba. Hadithi haiibiwi kama mbuzi, msimulizi hubaki nayo. Tunachosema ni kwamba umbo aliloipa lilichagua wasomaji wake mapema, na watoto wa Kilosa hawakuwamo.

Huku nyumbani nako mambo hayakuwa shwari. Tangu Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoundwa mwaka 1930, vitabu vya shule vilikuwa vya Kiswahili Sanifu, na hadithi nyingi zilizosomwa na vijana zilikuwa tafsiri za vitabu vya Kiingereza. Mwaka 1967 Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule ya msingi yote. Azimio la Musoma la 1974 likadai kila mtoto aingie shule. Hayo yote yalikuwa mema, na aliyesoma miaka ile anajua furaha yake. Ila watoto walifundishwa kusoma kisha wakakosa cha kusoma. Miaka ya 1980 ilipofika mwisho, kitabu cha hadithi cha mtoto kilikuwa kitu adimu hata mjini, sembuse Gairo.

Ndipo mwaka 1991 ulipoanzishwa Mradi wa Vitabu vya Watoto, kwa msaada wa shirika la CODE la Kanada. Utaratibu wake ulikuwa rahisi kuueleza: mchapishaji akikubaliwa mswada anachapa nakala 5,000, Mradi unanunua 3,000 na kuzigawa mashuleni na maktaba, yeye anabaki na 2,000 za kuuza. Kwa mara ya kwanza mwandishi wa watoto alikuwa na hakika kwamba kitabu kitachapwa na kitamfikia mtoto wa kijijini. Ghafla wakatakiwa watu wa aina ambayo hatukuwa nayo: wahariri wanaojua sentensi ndefu kiasi gani humchosha mtoto wa miaka minane, wachoraji wanaosoma mswada kabla ya kuchora, wahakiki wanaoweza kusema mswada huu ni mbaya na kueleza kwa nini. Marekani, Chuo cha Simmons cha Boston kilikuwa kimeanzisha shahada ya pili ya fasihi ya watoto tangu mwaka 1977. Kwetu watu walijifunza kazini. Tasnifu zilikuja baadaye, huku kwetu na kwa wenzetu Kenya, ambako Pamela Ngugi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta ni mmoja wa wanaojulikana kwa utafiti wa fasihi ya watoto ya Kiswahili.

Upo mfano mwingine wa msomi aliyepita njia tofauti na ya Beidelman, nao unagusa Kilosa kwa mbali. M. M. Mulokozi alipata udaktari wake Dar es Salaam mwaka 1986 kwa utafiti wa tendi za enanga za Wahaya. Baada ya hapo aliandika riwaya za kihistoria kwa ajili ya vijana: *Ngome ya Mianzi* mwaka 1990, *Ngoma ya Mianzi* mwaka uliofuata, na *Moto wa Mianzi* mwaka 1996, akiwarudia Wahehe na vita vyao na Wajerumani. Vita hivyo vilifika hadi Kondoa ya Usagara, jirani na Kilosa, ambako Wahehe waliishambulia ngome ya Wajerumani mwaka 1892. Kijana wa Kilosa akisoma riwaya hizo anasoma habari za majirani zake, tena kwa lugha anayoijua. Mtu anaweza kubishana nasi juu ya fani ya riwaya hizo. Lakini mtafiti wa tendi ameandika kitu ambacho mtoto anaweza kukishika mkononi.

Sasa twende Mikumi, maana huko ndiko hoja yetu inapopata mtihani. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964, na barabara kuu inaikata katikati. Ukiwa ndani ya basi utayaona mabango ya faini kwa dereva atakayegonga mnyama, kila mnyama na kiasi chake. Fisi huyu wa Mikumi ni mali ya taifa. Na mji wenyewe umejengwa na watu wa kila kabila waliofuata barabara, reli, hifadhi na mashamba ya miwa ya upande wa Kidatu. Watoto wao husimuliana kwa Kiswahili. Katika Kiswahili hicho Fisi si mjomba wa mtu. Wengi wao wanatoka koo za baba, na mjomba kwao ni mtu wa kutaniwa.

Kwa hiyo mwanafunzi atakayekwenda Mikumi na makala ya 1961 mkononi ataaibika, na atakayekwenda Mamboya na kile kipimo cha shule cha ujanja na ulafi ataaibika vilevile. Hadithi moja, wilaya moja, maana mbili. Na si jambo la kupita hivi hivi katika wilaya hii. Desemba 2000, huko Rudewa Mbuyuni, wakulima 38 waliuawa katika mgogoro wa wakulima na wafugaji. Mtoto wa mkulima amesimuliwa nini juu ya mfugaji, na wa mfugaji juu ya mkulima, kabla hawajakaa dawati moja? Hilo ni swali la tasnifu, na linahitaji mtu wa fasihi hasa, maana takwimu za ng'ombe na ekari hazitalijibu. Chuo cha Ualimu Ilonga kiko hapo hapo Kilosa. Walimu wanaopita pale ndio watakaosimama mbele ya watoto hao.

Tumalizie na kazi ya mhariri. Chukua ile hadithi inayojulikana sehemu nyingi za Afrika Mashariki: njaa imeingia, wanyama wawili wanapatana wawaue mama zao, mmoja anatimiza, mwingine anamficha wake pangoni na kumpelekea chakula kwa siri. Mswada wake umefika mezani kwa ajili ya darasa la tatu. Kamati inasema mauaji ya mama yaondolewe, watoto wataogopa. Mtu wa masoko anasema neno "mjomba" liwe "rafiki", ili kitabu kiuzike mikoa yote. Ukiondoa mama na ukaondoa mjomba, kinachobaki ni wanyama wawili na pango. Mwenye shahada ya pili ya fasihi ya watoto ndiye anayetarajiwa kuinua mkono kwenye kikao hicho, na akiulizwa sababu awe na cha kusema.