Jina la Frere, Jasho la Wengine

Ukivuka Daraja la Nyali kutoka kisiwani Mombasa, punde kondakta wa matatu ataita "Kengeleni!" Pale njia panda, katikati ya honi na wachuuzi, bado upo mnara mdogo wa kengele. Wazee husimulia kwamba ililizwa kuwatahadharisha wakazi kila yalipoonekana majahazi ya wauza watumwa. Mtaa wenyewe ni Frere Town, na jina hilo ndilo lililonileta huku.

Sir Bartle Frere hakuishi hapa. Alikuwa mtawala wa Kiingereza, gavana wa Bombay tangu 1862 hadi 1867. Mwaka 1873 alitumwa Zanzibar kumtaka Sultani Barghash akomeshe biashara ya watumwa baharini. Barghash alikataa, Frere akaenda zake. Saini ya Sultani kwenye mkataba ilipatikana tarehe 5 Juni kwa mkono wa Balozi John Kirk, baada ya tishio la manowari kuizingira Zanzibar. Hata hivyo Frere ndiye aliyewahimiza wamishenari wa Church Missionary Society (CMS) wafungue makao ya waliookolewa utumwani karibu na Mombasa. Mchungaji William Salter Price alipopata ardhi hapa, mwaka 1875, mji ukaitwa kwa heshima ya mkubwa huyo.

Waliousimamisha ni wengine. Kulikuwa na Waafrika waliookolewa baharini wangali wadogo, wakalelewa India na kusomeshwa Nasik, kisha wakarudishwa pwani kuwa walimu na mafundi. William Jones, Myao, alikuwa mmoja wao. Mwaka 1885 Askofu Hannington alimpa ushemasi pamoja na Ishmael Semler, na mwaka huohuo Jones akafuatana na askofu katika safari ya Uganda. Hannington aliuawa Busoga mwezi Oktoba. Jones ndiye aliyewarudisha pwani waliosalia wa msafara ule, mwendo wa mamia ya maili. Kwangu mimi, mtu wa namna hiyo ndiye aliyestahili mji.

Tena uhuru wenyewe haukuwa mtamu siku zote. Kufikia 1881 ilibidi mwenendo wa misheni uchunguzwe, kwani wakazi walikuwa wakichapwa viboko na kufungwa na walewale walioitwa walezi wao. Naye Frere, ambaye sifa yake ni kupinga utumwa, alikuwa amekwenda Afrika Kusini, ambako mwaka 1879 aliwasukuma Wazulu vitani kwa masharti yasiyokubalika. Jina moja limebeba yote hayo.

Habari za watu hawa waliookolewa aliziandika James Mbotela, mwana wa mtumwa aliyeokolewa, katika Uhuru wa Watumwa, kilichotoka 1934. Wahakiki wamemlaumu kwa kuwasifu mno Waingereza, na lawama hiyo ina haki yake. Lakini kabla ya manowari kutokea, Mbotela anaanzia bara, vijijini mwa watu waliotekwa, wakiwa na makwao na majina yao.